Mawe Kabla ya Mchoro

Bwana asifiwe. Na kwa wageni wetu waliotoka Mwingi, ambao baadhi yao husali msikitini, asalaam aleikum. Leo nitazungumza Kiswahili ili asiwepo mtu wa kunong'onezewa tafsiri. Akina mama wa hapa Mbumbuni watanivumilia, maana wamezoea kunigombeza kwa Kikamba.

Nilikuwa nimeuandika ushuhuda huu. Ulikuwa na kurasa kumi na moja, na ukurasa wa nne nilikuwa nimeurudia mara sita. Mwenyekiti wetu amezichukua karatasi hizo pale mlangoni, akazikunja, akazitia katika kiondo chake, akaniambia, "Ukisoma, watu watalala. Sema tu." Kwa hiyo nitasema tu. Mkiniona nimekwama katikati ya sentensi, msihangaike, natafuta neno. Nikichelewa mno, mwenyekiti atakohoa.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengi wa hao ninaowazungumzia wamo humu ndani, na watajijua.

Wageni wetu mmekuja kuliona bwawa la mchanga. Asubuhi mmelizunguka, mmelipiga picha, mmelisifu. Mmoja wenu amenishika mkono akasema, "Kumbe ndiwe uliyechora? Mungu akubariki." Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa unyenyekevu, ndugu zangu. Nilinyamaza kwa sababu jibu la kweli ni refu, na ndilo nililosimama hapa kulitoa.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nasomea maji ya ardhi kame, na hasa mito yetu hii ambayo huwa mito kwa siku chache na barabara za mchanga kwa siku zilizobaki. Nimezaliwa hapa, ng'ambo ya mto huo mliouvuka. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa na ndoto moja: siku moja nitajenga ukuta juu ya ule mwamba wa mtoni, mvua ilete mchanga, mchanga ujae nyuma ya ukuta, na maji yabaki ndani ya mchanga pasipofikiwa na jua. Mama yangu asishuke tena shimoni.

Nieleze shimo, kwa wale ambao hawajakaa sana Ukambani. Kiangazi kikianza, tunachimba mchanga wa mto kwa mikono, na maji yako karibu. Kiangazi kikiendelea, maji yanarudi chini, nasi tunayafuata. Ifikapo Septemba shimo lina kina cha kumzidi mtu mzima kimo. Mmoja hushuka na kata, akajaza mtungi kidogo kidogo, mwingine akaupokea juu. Kuta za shimo ni mchanga mtupu. Hakuna kinachozishikilia isipokuwa unyevu, na unyevu huo ndio tunaouchota.

Hayo niliyajua. Niliyajua hata kwa hesabu zake.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilipanga chumba Kitui mjini, kwa sababu mito niliyotumwa kuichunguza iko upande ule. Ukutani nilibandika mchoro wa kwanza wa bwawa letu. Kila jioni nilikaa mbele yake na chai. Mwanzoni nilikuwa nikisahihisha. Baadaye, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilikuwa nikiangalia tu. Niliona ukuta umesimama. Niliona mama zangu wamejipanga na mitungi, bila haraka. Niliona siku ya kufungua, kitambaa chekundu kikikatwa, nami nikitoa hotuba. Hotuba ile niliitunga yote. Nilikuwa nimeyanywa maji ya bwawa lile mara nyingi mno kichwani, hata kiu yenyewe ikanitoka.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kushiba kwa chakula alichokiwaza. Tatizo ni kwamba anayeshiba ni yeye peke yake.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu halikuwa kosa la mvivu. Mvivu hugunduliwa mapema.

Wakati huo kikundi chetu cha mwethya, cha watu wanaofanyiana kazi kwa zamu, leo matuta kwako, kesho matuta kwangu, kilipata habari kwamba shirika fulani lina saruji ya bwawa moja. Mkutano ukaitwa hapa hapa, chini ya mabati haya. Mwenyekiti akasimama na kusema, "Wameuliza kama tuko tayari. Mimi nimesema tuna mtoto ambaye amesoma maji. Mtoto, tuko tayari?"

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini. Nikasema naomba msimu mmoja wa mvua, ili nipime kimo cha mafuriko, nijue mwamba unapita wapi chini ya mchanga, nisije nikawajengea ukuta wa kuanguka. Nilitumia maneno makubwa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Msimu mmoja ni kitu gani? Sisi tumengoja tangu tuzaliwe." Watu wakacheka. Mama yangu alinipigia makofi kwa mikono miwili, hivi, kama anayefukuza kuku.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini kupima na kubeba mawe visiende pamoja. Walinyamaza kwa heshima. Huku kwetu mtu akishasoma tunamwachia neno la mwisho, hata kama neno lenyewe ni "ngojeni". Nami niliipokea heshima hiyo kama mtu apokeavyo kiti.

Msimu mmoja haukutosha. Nilisema miaka miwili katika karatasi zangu. Kwa usahihi ilikuwa misimu minne ya mvua, miwili kila mwaka. Kila msimu nilipima jambo, na kila jambo lilizaa swali. Saruji ikaenda kwa watu wengine ng'ambo ya kile kilima. Mwenyekiti alinipigia simu kunijulisha. Hakunilaumu. Alisema, "Itakuja nyingine. Wewe maliza." Nikamwambia, "Bado kidogo."

Mwulizeni mwenyekiti ni mara ngapi nilimwambia bado kidogo. Hapana, msimwulize. Atakumbuka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwishoni mwa kiangazi, yapata saa nne asubuhi. Nilikuwa chumbani Kitui, kwenye rasimu ya tisa. Najua nilichokuwa nikifanya kwa sababu penseli ilibaki pale pale hadi niliporudi kufungasha: nilikuwa nikiamua kama mstari wa ukingo wa mto uwe mnene au mwembamba. Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Niko Kitui, mwenyekiti."

"Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo na nguo za kubadilisha."

Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia mama yangu. Alikuwa chini na kata mkononi. Mtungi wake wa manjano alikuwa ameushika kati ya magoti. Mchanga ulimfunika hadi kifuani. Wanawake wanne waliokuwa juu hawakuwa na sepetu. Walimfukua kwa mikono, kwa sufuria, mmoja kwa kiatu. Kila walipotoa mchanga, mwingine uliteremka. Mmoja wao alilala kifudifudi ukingoni akamshika mama chini ya makwapa, akakaa hivyo mpaka wanaume walipokuja na mbao. Wanawake hao wameketi pale mstari wa pili. Nimewashukuru mara nyingi, na kila mara nilipofanya hivyo walibadilisha mazungumzo.

Alivunjika nyonga.

Nilimkuta hospitalini jioni. Kwenye nywele bado kulikuwa na mchanga. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mtungi wangu wameutoa?" Nikamwambia sijui. La pili aliliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha kule nilikotoka.

"Ule mchoro umeisha?"

Nikasema, "Bado kidogo, mama."

Akasema, "Haya. Usiharakishe ukakosea."

(Samahani. Nitaendelea.)

Kama angenitukana, ningekuwa na kitu cha kujitetea nacho. Lakini mama yangu alikuwa amelala pale na mfupa umevunjika, na bado aliamini kwamba nilichelewa kwa sababu njema. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa akiniamini, na imani yake ilikuwa kosa.

Nilifungasha chumba cha Kitui nikarudi nyumbani kumwuguza. Mchoro niliuviringisha nikausukuma juu ya kabati. Tasnifu yangu niliiacha. Msimamizi wangu wa masomo aliandika barua pepe tatu. Nilizisoma, nikatunga majibu kichwani, majibu mazuri yenye aya, na sikutuma hata moja. Mnaona? Hata aibu niliifanya kwa kuwaza. Kanisani sikuja. Mkiniuliza miezi ile nilifanya nini, nitawaambia nilimgeuza mama ubavu, nilipika uji, na nilirudia kichwani ule mkutano wa chini ya mabati. Katika kurudia huko nilisema, "Tuko tayari." Nilisema hivyo mara elfu. Haikubadilisha chochote.

Maji tuliletewa na majirani kwa punda. Walioyaleta ni wale wale niliowangojesha. Walitua mtungi mlangoni, wakauliza hali ya mgonjwa, wakaenda zao. Siku moja mwanamke aliyekuwa na zamu hiyo aliugua, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikachukua punda nikashuka mtoni mwenyewe, baada ya miaka mingi.

Njiani, pale mto unapobana kati ya miamba miwili, kulikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, ukubwa wa kichwa cha ndama. Punda alikataa kulipita. Nikainama nikalinyanyua ili nilitupe kando. Lakini sikulitupa. Nilitembea nalo hatua kama ishirini, nikaliweka chini ya mwamba wa kushoto, mahali ambapo katika michoro yote tisa ukuta huanzia.

Naomba nisiwadanganye hapa. Sikusikia sauti, wala sikuamua jambo lolote. Nililiweka tu. Kesho yake nikaliona bado liko pale, nikaweka jingine kando yake. Na hilo lilinishangaza zaidi ya yote niliyoyasoma: kwamba lilikuwa bado liko pale. Mambo niliyoyajenga kichwani ilibidi niyajenge upya kila jioni.

Nikaanza kubeba mawe kila asubuhi baada ya kumlisha mama. Kwa kuwa ndivyo nilivyo, niliyahesabu. Nilifika jiwe la mia tatu na kumi na saba nikapoteza hesabu, nikasimama pale na jiwe mikononi nikitafakari kama nianze upya. Likanichosha mikono. Nikaliweka chini, na tangu hapo sikuhesabu tena.

Watu walianza kupita. Mwuza maji mmoja mwenye punda watatu alisimama akaniambia, "Injinia, hilo ni kaburi la nani?"

"Si kaburi."

"Basi ukimaliza hapo njoo kwangu. Shamba lote ni mawe, nitakupa bure na chai juu."

Mwingine akasema, "Mwethya wa mtu mmoja! Hii ndiyo wanafundisha chuo?"

Kwa mara ya kwanza sikutafuta jibu; niliinama nikachukua jiwe jingine. Mwenyekiti naye alipita asubuhi tatu mfululizo. Alisimama ng'ambo, kiondo begani, akaniangalia, akaondoka. Asubuhi ya nne alivuka. Alikuwa na karai kichwani. Bila salamu akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Najua, mwenyekiti."

"Hujui. Wewe ndiye ulikuwa chawa. Umetukalia miaka miwili." Akatua karai. "Na sikuja kukusaidia. Nimekuja kubeba mawe."

Alibeba mawe hadi jua likawa kali, bila kunisemesha tena. Alipomaliza akasema, "Jumanne kuna mkutano. Utakuja, na utasimama mbele."

Nilikwenda. Nilisimama hapa hapa, bila karatasi siku hiyo pia, nikawaambia watu: saruji iliwapita kwa sababu yangu. Hamkuhitaji kungoja. Niliogopa kukosea, nikaita woga huo utafiti.

Sasa, wageni, kikundi chetu kina sheria ya zamani kuliko mimi. Mtu akikiharibia kikundi kazi, hafukuzwi. Hupewa kazi ya maji. Kazi ifuatayo, yeye ndiye atakayechota maji yote, ya kunywa, ya uji na ya ujenzi, mpaka iishe. Kwa matuta hiyo ni adhabu ya siku mbili. Kwa bwawa la zege ni adhabu ya wiki kadhaa. Na maji ya kuchanganyia zege, katika kiangazi, yanatoka mahali pamoja tu.

Mzee mmoja alisema kwa upole, "Kwa huyu tuangalie namna nyingine. Shimo lile..." Akaacha. Kila mtu alijua shimo lile.

Mwenyekiti akamwuliza, "Mama yake alishuka mara ngapi?" Akanigeukia mimi. "Utaweza?"

Nilianza kufikiria. Nilifikiria unyevu wa mchanga na pembe ambayo ukuta wake huanza kuteleza. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitaweza," kabla sijamaliza hesabu.

Tulibeba mawe mwezi mzima. Mwenyekiti akaliomba shirika saruji tena, nalo likatuma afisa; alipokuja, nilikuwa nimechukua mchoro juu ya kabati, nimeupangusa vumbi, niko tayari kumweleza rasimu ya tisa. Alikuwa kijana mpole mwenye buti za mpira. Hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akalizunguka, akalipima kwa hatua zake, akaandika. Nikamwuliza, "Na mchoro?"

"Michoro ya ukuta tunayo, dada. Iko kwa ofisi. Huwa tunarekebisha kidogo tu, mto kwa mto," akasema. "Sisi huangalia mawe kwanza. Wakishakusanya, tunajua wanataka."

Miaka miwili, ndugu zangu. Swali hilo ningeweza kumwuliza kwa simu ya dakika mbili.

Fundi alikuja na mtaimbo. Mwamba niliokuwa nikiutafuta kwa vipimo, yeye aliutafuta kwa kugonga. Alichoma mtaimbo mchangani, akasikiliza, akasogea hatua, akachoma tena. "Hapa ni udongo. Hapa udongo. Hapa, sikia." Ukalia kama kengele ya shule. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameuchora mwamba wote mchangani kwa vijiti. Nikalinganisha na rasimu zangu. Tulikuwa tumetofautiana kwa unene wa kiganja.

Nami siku ya kwanza ya zege nilishuka shimoni.

Walichimba jipya, mbali kidogo na lile, kingo zake wakazilaza. Mwenyekiti alinifunga kamba kiunoni, akaishika mwenyewe, ameketi mchangani miguu ameinyosha mbele. Nilisimama ukingoni.

"Shuka."

"Naangalia pa kukanyaga."

"Kanyaga, ndipo utapaona."

Nikashuka. Mchanga ulikuwa baridi, na nilipoinama, ukingo wa juu ukawa juu ya kichwa changu. Punje chache ziliporomoka shingoni. Mikono ikakataa. Kata nilikuwa nayo, maji yalikuwa miguuni pangu, na sikuweza kuinama. Nilimwona mama yangu pale, magoti yake na mtungi wa manjano. Ndipo mwenyekiti akaanza kuongea kutoka juu, kwa sauti kubwa, mambo yasiyo na maana yoyote.

"Hii mbuzi yangu nyeusi, unaijua? Imekula kitambaa cha meza ya kanisa. Chote! Na pasta anakuja Jumapili. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi jibu. Aliyefukiwa huwa hajibu. Nimwambie pasta nini?"

"Mwambie... mwambie kimeoshwa."

"Nidanganye mtumishi wa Mungu? Wewe umesoma nini huko? Chota!"

Nikachota. Aliongea juu ya mbuzi yule mitungi sita nzima. Kesho yake akaongea juu ya mkwe wake. Alifanya hivyo kila siku, na hakuachia ile kamba kwa mtu mwingine mpaka zege likaisha. Mwenyekiti, najua hupendi nikiyasema haya. Kohoa tu, nitaendelea.

Jambo moja zaidi kuhusu ujenzi, ili vijana wanaosoma wasiondoke hapa wakidhani nimedharau masomo. Siku ya tano niliona kwamba ukuta haukuwa umeingia vya kutosha katika ukingo wa kulia. Mafuriko yangeuzunguka na kula udongo kando yake. Hilo nililijua kwa sababu nilikuwa nimelipima misimu minne. Nilikaa kimya nusu siku nikijiuliza mimi ni nani, mchota maji, wa kumsahihisha fundi. Kisha nikatua mtungi nikamwambia. Alitazama, akakuna shingo, akasema, "Kwa nini hukusema asubuhi?" Wakauongeza. Kipimo changu kilikuwa na faida; kilikuwa kikingoja mahali pa kutumika, na mahali hapo palikuwa pale kwenye matope, hapakuwa ukutani Kitui.

Mvua za Novemba zilipokuja, mto ulishuka mchana kweupe, mwekundu, na matawi na kelele. Tulisimama kilimani, tumejifunika magunia mabegani. Ukuta ulipotea kabisa chini ya maji. Maji yalipopungua, ulionekana tena, na nyuma yake kulikuwa na mchanga wa kimo cha magoti. Hapakuwa na kitambaa chekundu. Mtu mmoja alisema, "Haya, twende, mbuzi ziko nje," tukaenda.

Ilichukua misimu mingine miwili mchanga kujaa. Juni iliyopita nilimpelekea mama kikombe cha kwanza kutoka kwenye bomba lililopitishwa chini ya ukuta. Mama hatembei tena kupita mti wa ua. Anakwenda kwa fimbo mbili, hadi penye mti huo, na kurudi. Mtoni hatafika. Bwawa nililoliota kwa ajili ya miguu yake lilijengwa baada ya miguu yake. Hilo sitalipamba.

Alikunywa, akasema, "Yana ladha ya simiti."

"Itaisha, mama."

"Na mtungi wangu je?"

Haujapatikana hadi leo. Nikamweleza kwamba kwa makadirio yangu mafuriko yameufunika, na sasa uko chini ya mchanga nyuma ya ukuta. Alifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Nami nimeurithi ufikirifu wake, kumbe.

"Basi huko uliko umejaa," akasema, akanirudishia kikombe.

Nashukuru wanawake wanne wa mstari wa pili. Namshukuru fundi, na mwenye punda watatu ambaye mwishowe alileta mawe ya shamba lake, bure kweli, ingawa chai sikuiona. Namshukuru msimamizi wangu, ambaye barua yake ya nne niliijibu kwa sentensi moja mbaya, na ambaye alisema sentensi mbaya iliyotumwa inamtosha. Tasnifu narudi kuimaliza. Nimeandika sura mbili, na zina makosa. Namshukuru mwenyekiti kwa kamba. Namshukuru Mungu, ambaye alimwacha mama yangu hai, ingawa mimi nilikuwa nimechelewa.

Fundisho langu ni dogo, na limenigharimu. Ndoto ukiiangalia kwa muda mrefu inakuwa pazia: unaona picha iliyochorwa juu yake, na huoni aliye nyuma yake, amesimama shimoni. Msingoje kuwa na uhakika ndipo mwanze. Anzeni, kisha pimeni mkiwa mmeinama.

Wageni wetu, kiongozi wenu ameniomba ule mchoro ili nanyi mkajenge. Nimeuleta. Uko pale mezani, umefungwa kwa uzi, rasimu ya tisa. Nitaukabidhi kwa furaha, na nitakuja Mwingi kwa miguu yangu kusaidia kupima. Lakini mwenyekiti amenikataza kuutoa mpaka niwaulize swali moja, na amesema nisikae chini kabla sijapata jibu.

Rundo lenu la mawe liko wapi?